Kabla ya kugusa lenzi: upasuaji wa macho kwa watoto wenye kasoro za tishu unganishi

Ratiba ya chumba cha upasuaji huandikwa maneno mawili tu: "kutoa lenzi". Huandikwa hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho, na huandikwa hivyo hivyo kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Marfan ambaye lenzi yake imehama. Ukiacha jina, kazi hizi mbili zina undugu wa mbali. Katika jicho la kwanza lenzi imeshikwa pande zote na nyuzi imara, weupe wa jicho unabeba mshono bila shida, na ute wa ndani umetulia mahali pake. Katika la pili hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukitegemea. Mara nyingi mambo huharibika kwa sababu daktari mwenye mkono mzuri kabisa alifuata mpango uliotungwa kwa jicho la aina nyingine.

Tuanze na kilicho dhaifu, maana kila kasoro ya tishu unganishi, yaani tishu zinazoshikilia na kuunganisha sehemu za mwili, hulegeza sehemu yake.

Marfan, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza na Antoine Marfan wa Ufaransa mwaka 1896, hutokana na hitilafu katika jeni ya FBN1 iliyo kwenye kromosomu ya 15. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza fibrilini-1, protini inayojenga nyuzi nyembamba zinazoning'iniza lenzi nyuma ya mboni. Nyuzi zikilegea, lenzi huhama, mara nyingi kuelekea juu na upande wa sikio. Hali hiyo huwapata takriban watu 6 kati ya 10 wenye ugonjwa huu. Jicho lenyewe hurefuka pia. La kawaida la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La Marfan linaweza kupita 26 au hata 28, na retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, ikitandazwa kwenye ukuta mrefu hivyo huwa nyembamba. Msuli unaopanua mboni nao haukukomaa vizuri, kwa hiyo mboni haifunguki hata ukitia matone mara tatu. Fibrilini hiyo hiyo imo kwenye ukuta wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Tutalirudia hilo.

Stickler, uliopewa jina la Gunnar Stickler aliyeueleza mwaka 1965, hushambulia kolajeni aina ya 2, ambayo ndiyo kiunzi cha ute wa ndani ya jicho. Hapa lenzi kwa kawaida imekaa vizuri; kinachotisha ni retina kupasuka vipande vikubwa. Ehlers-Danlos una aina 13 kwa mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2017, na nyingi kati yake hazimtishi sana daktari wa macho. Mbili zinamtisha. Ya kwanza ni ile inayopinda uti wa mgongo, inayotokana na jeni ya PLOD1. Ya pili ni ya konea (kioo cha mbele ya jicho) dhaifu, inayotokana na jeni za ZNF469 au PRDM5, ambapo konea, badala ya unene wa kawaida wa milimita 0.54, mara nyingi haifiki hata 0.4. Jicho kama hilo hupasuka mtoto akigongwa kidogo tu na kiwiko cha mwenzake.

Halafu kuna homosistinuria. Kwa asili si ugonjwa wa tishu unganishi. Ni hitilafu ya kimeng'enya kinachosindika homosisteini, aina ya asidi amino. Lakini mtoto wake huwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu na lenzi iliyohama, na kwa macho matupu utaapa ni Marfan. Kukosea kati ya hizi mbili ndiko kosa la hatari kuliko yote katika somo hili.

Kipimo kimoja kabla ya usingizi

Mtoto yeyote ambaye lenzi yake imehama bila kuumia, na ambaye sababu haijathibitishwa, apimwe homosisteini ya damu kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Watu wenye afya huwa chini ya mikromoli 15 kwa lita. Mwenye homosistinuria ya kawaida ambaye hajatibiwa huwa juu ya 100. Hakuna kipimo kingine kwenye orodha ya maandalizi chenye faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi.

Kina mitego miwili. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, seli nyekundu huendelea kumwaga homosisteini, na jibu hupanda kwa uongo; sampuli iwekwe kwenye barafu na itenganishwe ndani ya saa moja. Mtego wa pili unaelekea upande wa pili: baadhi ya watoto hawa huitikia vitamini B6, na wakiwa tayari wanakunywa vitamini za dukani jibu linaweza kushuka karibu na kawaida na kumpoteza daktari. Waulizwe wazazi, na waulizwe kwa kutaja vitamini zenyewe, kwani wengi hawazihesabu kama dawa.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu damu ya mtoto huyu huganda kirahisi. Kufunga kwa saa nyingi, kupungukiwa maji na kulala bila kujongea mezani ni mwaliko wa bonge la damu kwenye mguu, kwenye mapafu au kwenye ubongo. Isitoshe, gesi ya naitrasi oksaidi, inayotumika sana kuwalaza watoto, huharibu vitamini B12 mwilini na kukizima kimeng'enya kinachorudisha homosisteini kuwa methionini. Unaingia na homosisteini ya juu, unatoka na ya juu zaidi.

Ikithibitishwa, upasuaji usio wa dharura usubiri matibabu yaishushe: B6, foliki asidi, B12, betaini, na lishe yenye methionini kidogo. Siku ya upasuaji mtoto awe wa kwanza kwenye orodha. Dripu yenye glukosi ianze mara anapoanza kufunga, miguu ivishwe soksi za kubana au za kupuliziwa hewa, naitrasi oksaidi isitumike kabisa, na asimamishwe atembee jioni hiyo hiyo. Suala la heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huamuliwa na daktari wa usingizi pamoja na wa damu. Kwa upasuaji mfupi wa jicho si kila mtoto anaihitaji.

Matone ya mboni na ukuta wa aota

Kwa Marfan swali linahama kwenye moyo. Kipimo cha altrasaundi ya moyo kifanywe karibuni, na daktari wa usingizi akisome mwenyewe badala ya kuambiwa "moyo uko sawa". Dawa za kupunguza mapigo zisikatizwe. Mtoto ameze dozi ya asubuhi kwa funda la maji. Presha isiruke wakati wa kuingiza mpira wa hewa kooni. Mapafu yapulizwe kwa shinikizo dogo, kwani watoto hawa hupata hewa kuvujia nje ya pafu kirahisi.

Lakini hatari isiyotajwa sana iko kwenye chupa ndogo ya matone. Nimesema mboni ya Marfan haifunguki. Kinachofuata ni cha kibinadamu: muuguzi anaongeza tone, mwingine anakuja anaongeza, na kama chupa iliyopo ni ya fenilefrini (dawa ya kupanua mboni) ya asilimia 10, kiasi kinachoingia damuni kupitia njia ya machozi inatosha kupandisha presha ghafla. Kwa mtoto ambaye aota yake imetanuka, huo ni mchezo usiochezwa. Kwa watoto tumia ya asilimia 2.5 tu, hesabu ya matone iandikwe, na kona ya ndani ya jicho ibanwe kwa kidole dakika moja au mbili baada ya kila tone. Mboni ikigoma, iache igome. Itafunguliwa mezani kwa vikulabu vya irisi, vinne au vitano, na hakuna aliyedhurika aota kwa kikulabu.

Wa Stickler wengi wana kidevu kidogo na historia ya kaakaa lililopasuka, hivyo njia ya hewa iandaliwe kama ngumu hata kama usoni haionekani hivyo. Wa Ehlers-Danlos ngozi inachunika na plasta, viungo vinateguka wakati wa kumgeuza, na ganzi ya sindano inaweza kuisha mapema kuliko ilivyotegemewa. Kwa wenye mifupa inayovunjika ovyo, hata mkanda wa kupimia presha unaweza kuvunja mkono. Ufungwe juu ya pamba, usijipime wenyewe kila dakika mbili.

Jambo moja kwa wote wenye macho marefu: ganzi ya sindano ndefu nyuma ya jicho isipigwe. Ukuta wa nyuma umesogea hadi pale ambapo sindano inapita. Ganzi ya mrija butu chini ya utando wa Tenon, unaolifunika jicho kwa nje, inatosha kupunguza maumivu.

Lini lenzi itolewe

Msimamo wangu ni wa kihafidhina, na ninajua wapo wasioupenda: miwani inapotosha, lenzi iachwe. Kila mwaka unaopita bila jicho kufunguliwa ni mwaka ambao retina haijatikiswa. Lakini "inatosha" lipimwe kwa uaminifu. Jicho hili lina njia mbili za mwanga, ya kupitia lenzi na ya kupita pembeni mwake, na zote mbili zipimwe. Njia ya pembeni huhitaji miwani mizito ya kukuza, na baadhi ya watoto huona vizuri zaidi kwa hiyo kuliko kwa ile ya lenzi. Hali mbaya kuliko zote ni ukingo wa lenzi ukikata katikati ya mboni. Hapo picha hupotoka kiasi ambacho miwani yoyote haisawazishi, na mtoto aliye chini ya miaka 7 au 8 ubongo wake huanza kulipuuza jicho hilo. Kusubiri kwenye hali hiyo nako ni madhara, ila hayatoki damu.

Sababu nyingine hazina mjadala: lenzi iliyoanguka mbele ya mboni, presha ya jicho iliyopandishwa na lenzi, lenzi iliyofifia, au retina inayohitaji kutibiwa na lenzi imeziba njia.

Lenzi ikianguka mbele, kama inavyotokea zaidi kwenye homosistinuria, mtoto alazwe chali na mboni ipanuliwe ili lenzi irudi nyuma. Dawa ya kubana mboni ikitangulia, lenzi hufungiwa mbele ikigusa konea. Kwa ugonjwa wa Weill-Marchesani, wenye lenzi ndogo ya duara, pilokapini, dawa ya kubana mboni, ni hatari zaidi: hulegeza nyuzi, lenzi inasogea mbele na kuziba mboni, na presha inapanda pale pale ulipotaka ishuke. Huyu anahitaji dawa ya kupanua mboni na kulegeza msuli wa ndani ya jicho ili nyuzi zikaze.

Mezani

Lenzi ya mtoto ni laini, hunyonywa bila mawimbi ya sauti. Ugumu uko kwenye kuifikia bila kuivuta. Mfuko wa lenzi usio na nyuzi unakimbia chombo. Ukiubana kwa nguvu, nyuzi chache zilizobaki zinavuta ute, na ute unavuta retina. Kwa hiyo mrija wa kuingiza maji uwekwe kwanza na ubaki umefunguliwa hadi mwisho. Jicho refu likipoteza presha ghafla linaweza kuvuja damu nyuma ya retina, chini ya utando wenye mishipa ya damu, na likianza hilo kazi yote imegeuka.

Njia ni mbili. Kupitia ukingo wa konea, ambapo unaona kila kitu lakini irisi inasumbua. Au kupitia weupe wa jicho nyuma ya konea. Kwa njia ya pili umbali hutegemea umri: milimita 1.5 hivi kwa mtoto wa chini ya mwaka, 2.5 kwa wa miaka 2 au 3, na 3 kwa mkubwa zaidi. Kumtoboa mchanga kwa vipimo vya mkubwa ni kuitoboa retina.

Ute unaofika mbele ukatwe, usivutwe. Chembe za dawa ya triamsinoloni huupaka rangi nyeupe ukaonekana. Bila hivyo nyuzi zake hupita kwenye jeraha bila mtu kujua na kuvuta retina kwa miezi. Kikatio kiende kwa kasi kubwa na ufyonzaji mdogo. Sifongo za kufuta ute kwenye jeraha hazina nafasi katika macho haya.

Kisha swali ambalo wazazi hulingojea: je, lenzi ya plastiki iwekwe? Kuna pete ya kukaza mfuko, na pale nyuzi zilizokosekana ni chini ya theluthi ya mzunguko huonekana kufanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba Marfan na homosistinuria haziishii hapo zilipo leo. Pete isiyoshonwa itahama pamoja na mfuko wake na lenzi mpya ndani. Pete au kipande chake chenye kitanzi kikishonwa kwenye weupe wa jicho hukaa, mradi uzi ukae. Uzi wa polipropilini namba 10-0 huchakaa ndani ya jicho na kukatika baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 10. Kwa mzee inavumilika, kwa mtoto wa miaka 6 ina maana lenzi itamdondokea akiwa shuleni. Ndiyo sababu wengi wamehamia 9-0 au uzi wa Gore-Tex. Njia isiyotumia uzi, ya kuficha miguu ya lenzi ndani ya weupe wenyewe, inategemea weupe uwe mnene. Ukiwa mwembamba miguu huchomoza nje na kufungulia njia vijidudu. Lenzi inayong'ata irisi huwekwa haraka, ila seli za konea zihesabiwe kila mwaka kwa maisha yote. Ile inayoegemea kona ya mbele isiwekwe kwa mtoto.

Chaguo la kuliacha jicho bila lenzi kabisa hudharauliwa bila sababu. Jicho refu lililoondolewa lenzi halihitaji miwani ya +12 kama la kawaida; wakati mwingine ni nusu ya hapo au pungufu. Mtoto anavaa miwani yenye sehemu ya kusomea, anakua, retina inachunguzwa bila kizuizi, na uamuzi wa lenzi unangoja mpaka jicho liache kurefuka. Kwa wengi wa umri wa chini ya shule ningeanzia hapo.

Kufunga: kila tundu lishonwe, hata dogo la geji 25 ambalo kwa mtu mzima huachwa lijizibe. Ukuta wa jicho la mtoto ni laini, na wa mtoto huyu ni laini zaidi. Tundu lililoachwa hurudi kesho yake likivuja. Kwenye konea dhaifu ya Ehlers-Danlos uzi hukata tishu kama waya kwenye sabuni, kwa hiyo mishono iwe mirefu, ishike tishu nyingi, ikazwe kidogo, na gundi ya tishu iwe tayari.

Upasuaji wa makengeza nao unastahili neno. Weupe wa jicho nyuma tu ya mahali misuli inapojishikiza una unene wa milimita 0.3 hata kwa mtu mwenye afya. Ukionekana wa buluu, sindano ipite kwenye shina la zamani la msuli, palipo panene zaidi, na msuli uning'inizwe nyuma kwa uzi. Msuli wenyewe unaweza kukatika ukivutwa kwa kikulabu, hasa pale nyama inapokutana na kano. Mapigo ya moyo yakishuka, acha kuvuta kwanza, atropini ya kuyapandisha baadaye.

Retina, kesho na miaka ijayo

Kwa Stickler wa kolajeni aina ya 2, madaktari wa Cambridge, Uingereza, wamekuwa wakigandisha ukingo wote wa retina kwa baridi, mzunguko mzima wa digrii 360, kabla haijapasuka, na matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalionyesha retina chache zaidi kuachia kwa waliotibiwa. Wanaofanya nusu duara au kuruka sehemu huacha mlango wazi, kwani mpasuko mkubwa huanzia popote. Ukishatokea, unaozidi robo ya mzunguko, jicho la pili lichunguzwe siku hiyo hiyo.

Retina ikirudishwa kwa gesi, SF6 hukaa wiki 2 hivi na C3F8 karibu wiki 8. Kipindi hicho chote hakuna ndege wala naitrasi oksaidi. Gesi hutanuka na kulinyima jicho damu. Mtoto wa Marfan anaweza kuhitaji upasuaji wa moyo au mgongo katika hospitali nyingine ndani ya wiki hizo. Avae mkanda mkononi unaoeleza. Mafuta ya silikoni hayana shida hiyo, lakini hutolewa, kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, kabla hayajapandisha presha.

Matone ya steroidi huendelea wiki 4 hadi 8 yakipungua, na kwa watoto hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache. Ipimwe wiki ya kwanza na ya tatu. Konea nyembamba hudanganya kipimo kwa kusoma chini, kwa hiyo 18 ya mtoto huyu huenda si 18. Miwani itolewe ndani ya wiki 1 au 2. Kuchelewesha hadi "jicho litulie" kunarudisha uzembe wa jicho uliokuwa sababu ya upasuaji.

Mtoto mdogo hasemi anaona vimulimuli. Atagonga mlango upande mmoja, atainamisha kichwa, au atakataa kufunikwa jicho moja tu kati ya mawili. Uchunguzi wa retina hadi ukingoni ufanywe mwezi wa 1, wa 3, wa 6, kisha kila miezi 6, chini ya usingizi kama hatulii. Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuona kukashuka katika wiki ya kwanza, ni la saa hiyo, lisingoje miadi.

Na ndugu zake waitwe. Marfan hurithiwa kwa mzazi mmoja kwa robo tatu hivi ya familia, na mdogo asiyelalamika anaweza kuwa na lenzi iliyokwisha kuhama. Kwa homosistinuria kila mtoto wa wazazi wale wale ana nafasi 1 kati ya 4, na mchanga anayegunduliwa katika wiki zake za kwanza, akaanza lishe na dawa na kuziendeleza, anaweza kukua na lenzi zake zikiwa mahali pake.